Mnara wa Mafiga

Siku Ngwali alipong'oa figa la tatu jikoni kwa mama yake, chungu cha maharage kilikuwa bado na uvuguvugu. Alilisukuma kwa kisigino hadi likaachia majivu, akalipangusa kwa kiganja, akalipakata kama anayepakata mtoto, kisha akatoka nalo uani bila kugeuka. Mama yake, Sikitu, alibaki amekishika chungu kwa mikono miwili, akitafuta pa kukitua. Mwishowe alikitua juu ya mafiga mawili yaliyobaki, akakiegemeza kwenye goti lake, na hivyo ndivyo alivyopika chakula cha mchana siku ile, goti likiungua na macho yakitoka machozi ambayo hakutaka kusema kama ni ya moshi au ya safari.

Nchi yao iliitwa Tandavu, na ilikuwa imelala juu ya mwamba kama mtu aliyelala juu ya sanduku lake. Ukichimba shimo la mlingoti unakuta jiwe. Ukipalilia mtama, jembe linalia. Watu wake walikuwa waashi tangu hakuna anayekumbuka, wakijenga kuta zisizo na chokaa wala saruji, jiwe likikaa juu ya jiwe kwa uzito wake lenyewe na kwa jicho la aliyelichonga. Kisha wakaja Wangalizi. Walikuwa tisa, na mkubwa wao akiitwa Mwangalizi Mkuu Lumbwe, mtu wa shingo fupi na macho ya mbali, ambaye katika picha zake zote zilizotundikwa madukani alionekana akitazama mahali ambapo mpiga picha hakuwepo. Wangalizi waliapa kuiangalia nchi, na waliiangalia kweli, kama mnunuzi anavyomwangalia ng'ombe mnadani. Katika mwaka wao wa kwanza waliikodisha milima yote kwa kampuni ya Zamharia, nchi ya baridi iliyo ng'ambo ya bahari mbili, kwa muda ambao hakuna aliyekuwa hai angeuona ukiisha. Mashine zikaja, zikaikata milima kama mche wa sabuni, na treni ikawa inashuka nayo kila siku saa nne. Kuanzia hapo ikawa kosa mwananchi kuokota jiwe mlimani, hata la kusagia pilipili.

Waashi wakabaki na nyundo mikononi. Wapo waliojaribu kulima, lakini shamba la Tandavu ni ufa kati ya mwamba na mwamba. Wengine wakawa wapagazi wa stesheni, wakipakia kwenye mabehewa mawe ambayo baba zao waliyachonga kwa heshima, na jioni mabehewa yaleyale yalirudi na unga kutoka Zamharia, kwa bei iliyopanda kila mwezi. Halafu ikaenea habari kwamba Zamharia inajenga miji mipya kwa mawe ya Tandavu, na haina watu wanaojua kuyapanga. Basi waashi wakalifuata jiwe. Mlango wa Zamharia ulikuwa mpana kwa jiwe na mwembamba kwa mtu: jiwe lilipita bila kuulizwa jina, mtu aliulizwa hadi jina la babu yake, akapigwa picha ya mapafu, akahesabiwa meno, akapewa kibali cha miaka miwili ambacho kingeweza kufutwa siku yoyote.

Tandavu ilikuwa na desturi yake kuhusu safari. Mtu akienda mbali, aliondoa figa moja katika jiko la kwao na kuliweka nyuma ya mlango. Akirudi, alilirudisha jikoni kwa mkono wake mwenyewe. Akifa huko alikokwenda, figa lilioshwa, likavishwa sanda na kuzikwa badala yake, na hapo tu ndipo mkeka wa msiba ulipoweza kukunjwa. Wangalizi waliitazama desturi hiyo wakaona ni mali iliyolala bure. Wakatunga sheria kwamba anayetaka kibali cha kuondoka alete figa lake serikalini, na kwa mafiga hayo wakajenga Mnara wa Shukrani katikati ya Kikomo, mji mkuu.

Mnara ulikua haraka kuliko mti wowote wa nchi ile. Wageni walipomuuliza Mwangalizi Mkuu nchi yake inazalisha nini, aliwapeleka dirishani akawaonyesha. Kila figa lilikuwa shujaa mmoja aliye nje, alisema, na nchi ambayo mashujaa wake wote wako nje haina cha kuogopa. Kila kifurushi ambacho mashujaa hao waliwatumia mama zao kilipitia mlango wa mnara kwanza, kikitoka chembamba kuliko kilivyoingia. Mnara ulipofika safu ya tisini, Wangalizi walihamia juu kabisa, na vitanda vyao na majokofu yao, kwa sababu kule kulikuwa na upepo na mtu aliweza kuona treni ikiwa bado mbali.

Kutoka uani kwa Sikitu mnara ulionekana wote. Na alilijua figa la Ngwali lilipo, upande wa mashariki, safu ya nne kutoka chini, kwa kuwa Ngwali aliondoka mapema, wakati mnara haujapita kimo cha mtoto. Alilipita kila alipokwenda sokoni. Hakusimama, lakini alipunguza mwendo.

Ngwali hakuwa mtoto wa kusahau. Alituma unga, alituma vitenge, na alipokumbuka goti la mama yake alituma jiko la mafuta ya taa, la bluu, zuri, ambalo Sikitu aliliwasha mara moja tu akalifungia sandukuni, maana mafuta yenyewe yalikuwa ghali kuliko chakula cha kupikwa. Pengo la figa la tatu alilijaza kwa tofali la udongo alilolifinyanga mwenyewe. Siku za kwanza lilikuwa likimeguka. Baadaye moto ukaliivisha, likawa jekundu, likakaa.

Mtaa nao ulikuwa ukibadilika kwa namna ambayo mgeni angeiona kuwa neema. Mabati mapya yaling'aa, na chini yake kuta zilikuwa zimeishia madirishani, kwani pesa za kujenga zilikuwepo na wa kujenga hakuwepo. Ukuta wa shule ulipoegama, alitafutwa mwashi Kikomo nzima akakosekana; ukaegemezwa kwa miti, na watoto wakahamishiwa upande mwingine wa darasa. Jeneza likitoka, wabebaji walikuwa wanawake.

Katika barua yake ya mwisho Ngwali aliandika hivi: "Mama, leo nimepanga jiwe la kilima cha nyuma ya nyumba yetu. Nimelijua kwa ule mshipa mwekundu. Niliwaambia wenzangu hili ni la kwetu, wakacheka. Limekaa ghorofa ya kumi na mbili, kwenye choo cha tajiri."

Kilichofuata hakikuwa barua. Kilikuwa kifurushi kidogo chenye timazi yake ya kupimia wima wa ukuta, ile ya shaba aliyoachiwa na marehemu baba yake, Shaweji, ikiwa imezungushiwa uzi wake vizuri, na karatasi ya mwajiri iliyosema kwamba jukwaa liliteleza kwa barafu, kwamba amezikwa kulekule kwa sababu ya umbali, na kwamba kampuni inasikitika.

Sikitu alitandika mkeka mlangoni. Watu walikuja, wakalia, wakala, wakaondoka, na mkeka ukabaki. Haukuweza kukunjwa. Kila aliyeingia aliuzunguka, mbuzi waliulalia, binti yake, Tunu, aliyekuwa na miaka kumi na tisa, aliufagia pembeni asubuhi na jioni bila kuusogeza. Katika mtaa ule peke yake kulikuwa na mikeka kumi na mmoja ya aina hiyo, mmojawapo umetandikwa hadi ukaota nyasi katikati.

Mwezi wa tatu wa msiba, Sikitu alijifunga kanga yake ya kutokea akaenda mnarani. Ofisi ya Karani wa Mnara ilikuwa chini, kando ya mlango. Karani mwenyewe, Seketo, alikuwa kijana wa Kikomo, mnene wa mashavu, aliyesoma darasa moja na Ngwali.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kuchukua figa la mwenzio."

"Namba yake?"

"Namba siijui. Lina doa la uji. Aliumwaga mwenyewe akiwa na miaka mitano, ukaungua pale pale, haukutoka tena."

Seketo alifunua daftari kubwa, akapitisha kidole. "Hapa inaonyesha Ngwali yuko Zamharia."

"Yuko. Amezikwa huko."

"Basi yuko, mama. Mnara ni wa walioko nje. Hauulizi wakoje."

Seketo alishusha macho, na alipoongea tena sauti yake ilikuwa imeshuka pia.

"Mama, nisikilize. Safu ya nne inabeba safu mia na sita. Juu yake kuna Mwangalizi Mkuu na kitanda chake. Nikichomoa figa moja, kesho watakuja akina mama mia. Nitawaambia nini wale wa juu, kwamba mashujaa wanapungua?"

"Mkeka wangu uko chini, Seketo. Uliukalia wewe mwenyewe, ukala pilau."

"Nakumbuka." Alifunga daftari. "Iko njia moja. Pengo lijazwe. Unaye Tunu, si ndiyo? Akija kuomba kibali, ataleta figa lake. Mimi nitalipokea kwa mkono huu, na la kaka yake nitakupa kwa mkono huu. Hapo hesabu haibadiliki."

"Na mimi nipikie wapi? Jiko la mafiga mangapi?"

"Si ulitumiwa jiko la mafuta? La bluu. Lilipita hapa hapa, nililiona."

Sikitu aliporudi alimkuta Tunu uani anapepeta mtama, na jirani yao Mwatime amekaa kwenye kizingiti akimsaidia kwa maneno. Mwatime alikuwa mwanamke mwembamba ambaye mume wake alikuwa na mwaka wa tisa Zamharia. Sikitu aliwaeleza alichoambiwa.

Tunu aliweka ungo chini. "Mama, mimi niende."

"Wapi?"

"Zamharia. Kaka azikwe. Na mimi nikikaa hapa nitafanya nini? Nipepete mtama wa shamba lipi mwakani?"

Sikitu aliokota punje zilizomwagika, akazirudisha ungoni. Alisema tu, "Mmoja simtoi kumnunua mwingine."

"Serikali hiyo, shoga," Mwatime alisema, "ukiiomba kisu cha kukatia kitunguu, itakuomba kidole kwanza. Ila yule Seketo ameongea neno moja la maana. Amesema pengo lijazwe. Hajasema lijazwe na kitu gani."

Sikitu aligeuka kulitazama jiko lake. Mafiga mawili, na tofali jekundu lililoshika nafasi ya tatu. Alilitazama muda mrefu, kama mtu anayesoma tangazo lenye jina lake. Shaweji alimwoa akiwa msichana, na kwa miaka ishirini alimpelekea chakula kazini na kukaa akimwangalia. Alijua ukuta mnene unavyobeba. Alijua kwamba jiwe moja la nje likitoka, majirani zake hulishikilia pengo kwa muda, na kwamba kazi yote ni kulijaza kabla ukuta haujaanza kushuka.

Jioni ile yeye na Tunu walichota udongo wa kisima, wakauponda na makapi ya mtama, wakafinyanga donge la mviringo, kimo cha figa, mapana ya figa. Hawakulichoma, maana kuni za kuchomea zingeonekana na moshi ungeulizwa. Walilikausha uvunguni, wakalipaka masizi ya chungu yaliyokorogwa kwa uji mwepesi, mpaka hata Sikitu mwenyewe akilitazama kwa mbali aliona jikoni kwake.

Walingoja mvua zipite, wakangoja Siku ya Shukrani. Siku hiyo, kwa amri, mama wa mashujaa wote walikwenda kuusugua mnara, kila mmoja figa la mwanawe, huku beni ikipiga na Mwangalizi Mkuu akihutubia kwa kipaza sauti kutoka juu. Jua lilikuwa la saa saba. Wanawake walikuwa mamia, na vikapu vyao, na vitambaa, na ndoo zao. Sikitu alipiga magoti mbele ya safu ya nne. Mwatime na Tunu wakakaa ubavuni kwake, kanga zimetandazwa.

Kikapuni, chini ya vitambaa, alikuwa na lile donge na kabari za mti mgumu, za Shaweji. Alizichomeka moja kulia, moja kushoto, akawa anazigonga kwa jiwe la kusugulia alilolifunga kitambaa. Ngoma kubwa ya beni ilipolia, aligonga. Iliponyamaza, alisugua.

"Mama, mbona unagonga?" askari aliyekuwa akijipepea kwa kofia aliuliza.

"Ukoga umeganda, baba."

"Chukua kitambaa usugue wewe," Mwatime alimwambia, "sisi tukapumzike hapo kivulini kwako. Mgongo wangu si wa serikali."

Askari alicheka, akasogea mbali kidogo na yule mwanamke mwenye mdomo. Juu, sauti ya Mwangalizi Mkuu ilikuwa ikisema kwamba kutoka pale aliposimama anawaona watoto wote wa Tandavu, hadi ng'ambo ya bahari mbili, na kwamba macho yake hayatoki kwao. Ukuta ulitoa mlio mdogo, kama mtu anayegeuka usingizini. Vumbi jembamba likamwangukia Sikitu kwenye mtandio. Kisha figa likaja mikononi mwake, na doa lake la uji, zito kama mtoto wa miezi sita. Tunu alisukuma donge la udongo pale lilipotoka. Kabari zikachomolewa. Ukuta ukalikubali.

Figa lilifika nyumbani kikapuni, likaoshwa kwa maji ya vuguvugu. Mtu mmoja angeweza kulibeba kwapani, lakini walilibeba wanne, wao watatu na jirani mmoja, kwa machela, kama inavyostahili, kupitia uchochoro wa nyuma, wakalizika kando ya Shaweji. Saa kumi na moja Tunu aliukunja mkeka. Chini yake sakafu ilikuwa na rangi nyingine, na wote waliitazama sakafu hiyo kwa kuwa hakuna aliyeweza kutazama kitu kingine.

Sikitu alidhani limekwisha. Lakini mkeka uliokunjwa katika mtaa wenye mikeka kumi na mmoja ni kitu kinachoonekana. Siku ya tatu alikuja mama mmoja, akakaa, akaongea habari za kuku, akaaga, akarudi kutoka mlangoni akauliza. Siku ya tano wakaja wawili. Siku ya sita akaja Mwatime, miguu imejaa udongo wa kisima.

"Na wewe?" Sikitu alishangaa. "Wako amekufa?"

"Wangu kaoa. Amejenga na ghorofa huko, na mke mwenye mbwa. Kwangu mimi ni mamoja, lakini simziki ng'o. Nataka figa langu nipikie."

Wanawake wakaenda kwa Seketo kumwomba ruhusa ya kuusugua mnara kila wiki, si mara moja kwa mwaka. Seketo aliguswa. Alipeleka habari juu, na juu wakafurahi, wakamwandikia cheti cha pongezi kwa kuamsha mapenzi ya umma, akakitundika nyuma ya kiti chake. Tangu hapo kila Alhamisi vikapu viliingia vizito na kutoka vizito. Mkaguzi wa Mnara alikuja mara mbili, akayahesabu mafiga kwa fimbo kutoka ng'ambo ya barabara, akakuta hakuna pungufu. Mtu ambaye angeliweka kiganja kwenye ukuta ule na kujua lipi ni jiwe na lipi ni udongo hakuwepo nchini. Wote wa namna hiyo walikuwa wameshapewa vibali.

Mikeka ilikunjwa mtaa kwa mtaa. Makaburi madogo yakaongezeka. Kuna majiko yaliyopata figa lake la tatu baada ya miaka kumi, na kuna wanawake walioliona limerudi wakashindwa kulipikia. Tunu aliifungua timazi ya kaka yake, akaitundika msumarini, akaitundua, akaenda nayo shuleni kuutazama ukuta ulioegama. Sasa anachoma matofali nyuma ya shule, na wasichana wanne, na ukuta umefika magotini. Fomu ya kibali aliyoichukua zamani bado iko sandukuni, chini ya jiko la bluu. Sikitu anajua iko hapo. Hawajaizungumza.

Juzi Seketo alipita sokoni. Soko la Kikomo lilikuwa siku zote chini ya kivuli cha mnara, upande wa magharibi asubuhi, mashariki jioni, lakini wiki hii wanawake wamehamisha mbao zao hadi mwisho wa uwanja, penye jua kali. Alimkuta Sikitu amekaa nyuma ya mafungu yake ya nyanya, amejifunika kitambaa kichwani.

"Mama, mbona mmekimbia kivuli?"

"Tunaota jua, mwanangu."

"Jua hili?" Seketo alicheka, akachagua fungu, akasita. "Mama, ninyi ndio mnaushika ule mnara kila wiki. Mnauonaje? Uko imara?"

Sikitu alimfungia nyanya zake kwenye karatasi. Alikuwa amempikia uji kijana huyu, zamani, yeye na Ngwali katika bakuli moja.

"Kwa kiangazi hiki, uko imara," alisema. "Ofisi yako ingefaa uihamishe, Seketo. Hapo chini pana joto."

Seketo alisema atafikiria. Alisema kuhama kunahitaji saini ya juu. Akaondoka na nyanya zake, akitembea kando ya ukuta, pale penye kivuli.

Mnara una safu mia na kumi na tisa sasa. Mwangalizi Mkuu Lumbwe analala juu yake, na wenzake wanane, na asubuhi huonekana roshanini akiitazama treni. Tofali lililoko jikoni kwa Sikitu limeiva kwa moto wa miaka. Yale ya mnarani ni udongo mbichi uliopakwa masizi. Mvua za Tandavu huanza wiki mbili baada ya mtama kuvunwa. Mtama ulivunwa wiki iliyopita.